Hita kubwa za maji za gesi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzifunga jijini Mwanza

HOTELI, hosteli za wanafunzi, hospitali, migahawa na viwanda vya kusindika samaki vilivyopo kandokando ya Ziwa Victoria vina hitaji moja linalofanana: maji ya moto, mengi na ya uhakika. Mgeni wa hoteli huyataka alfajiri kabla ya safari, muuguzi huyahitaji wodini mchana na usiku, na kiwanda cha minofu ya sangara hakiwezi kusafisha mafuta ya samaki yaliyoganda kwenye meza na sakafu kwa maji baridi. Wasindikaji wa samaki wa ukanda huu wanayo kumbukumbu ya vikwazo vya Umoja wa Ulaya vya kati ya mwaka 1997 na 1999, ambavyo sehemu yake vilitokana na hofu juu ya usafi, na wanafahamu gharama ya kupuuza suala hilo.

Kwa miaka mingi maji hayo yalichemshwa kwa kuni, mkaa au umeme. Hivi sasa taasisi nyingi zimeingiza gesi ya mitungi jikoni, hasa baada ya Serikali kuzindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi inapokuwa tayari imefika jikoni, hatua inayofuata kwa wenye majengo wengi ni kufikiria hita ya maji inayotumia gesi hiyo hiyo.

Hatua hiyo ina manufaa, lakini ina masharti yake. Hita kubwa ya gesi ni chombo ambacho ndani yake hukutana vitu vinne ambavyo kila kimoja kinaweza kuua: moto, umeme, maji yenye shinikizo na moshi. Usalama wake hautegemei ubora wa chombo peke yake, bali namna kilivyounganishwa. Kwa Mwanza, yapo mambo ya kimazingira, kuanzia miamba, radi na mwinuko hadi wadudu wa ziwani, ambayo fundi aliyezoea kazi za pwani anaweza asiyafikirie.

Gesi inayopatikana Mwanza

Jambo la kwanza ni kutambua aina ya gesi. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Bomba hilo halifiki Kanda ya Ziwa. Gesi inayopatikana Mwanza ni ile ya mitungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Hita iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi asilia huwa na matundu makubwa zaidi ya kupitishia gesi kwenye vichomeo, kwa kuwa gesi asilia ina nguvu ndogo ya joto kwa ujazo ule ule. Aidha, gesi asilia kwa kawaida huingia kwenye chombo kwa mgandamizo wa takriban milibari 20, wakati gesi ya mitungi huingia kwa takriban milibari 28 hadi 37, kutegemea mchanganyiko na regulata. Hita ya gesi asilia ikiunganishwa na mtungi bila kubadilishwa, itapata gesi kupita kiasi, itatoa mwali mrefu wa njano, masizi, na kaboni monoksaidi kwa wingi.

Kabla ya kununua, mwenye jengo anapaswa kusoma kibati kilichobandikwa kwenye chombo na kujiridhisha kwa mambo matatu: aina ya gesi, mgandamizo unaotakiwa, na aina ya umeme. Hita zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali umeme wa Tanesco ni wa volti 230 na mizunguko 50. Transfoma inaweza kupunguza volti, lakini haiwezi kubadili mizunguko, hivyo feni na mota za hita kama hiyo huenda zisifanye kazi ipasavyo.

Umeme mdogo, wajibu mkubwa

Wapo wanaodhani kwamba hita ya gesi haihitaji umeme. Hita ndogo za nyumbani huweza kuwashwa kwa betri, lakini hita kubwa za biashara zina feni ya kusukuma hewa, kadi ya kuongozea mitambo, vali ya gesi inayofunguliwa kwa umeme, kiwashio cha cheche na mara nyingi pampu ya kuzungusha maji. Vyote hivyo kwa pamoja hutumia takriban wati 100 hadi 300, sawa na balbu chache za zamani. Hita ya umeme yenye uwezo wa kilowati 50 ingehitaji takriban ampia 72 katika kila waya wa njia tatu. Tofauti hiyo ndiyo inayowavutia wenye majengo ambayo umeme wao ni mdogo.

Hata hivyo, udogo huo wa umeme umewafanya baadhi ya mafundi waichukulie kazi hiyo kama kuchomeka redio. Hita huchomekwa kwenye soketi ya kurefushia waya, pamoja na friji na mashine ya kufulia. Hilo ni kosa. Hita inapaswa kuwa na njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa sakiti breka, waya wa shaba usiopungua unene wa milimita 1.5 za mraba, swichi inayokata njia zote mbili, ya moto na ya nyutro, na fyuzi ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, ambayo mara nyingi huwa ni ampia 3 au 5. Njia hiyo ilindwe pia na kifaa kinachokata umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, chenye uwezo wa kuhisi uvujaji wa miliampia 30.

Swichi iwekwe mahali panapofikika bila kupita mbele ya hita. Waya upite mbali na bomba la moshi, ambalo joto lake huyeyusha ganda la plastiki, na usipite sakafuni ambako maji humwagika.

Kinachohitaji umakini zaidi ni mpangilio wa waya. Katika waya mpya, rangi ya kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Katika majengo ya zamani, nyekundu ilikuwa moto na nyeusi nyutro. Fundi anayeunganisha waya wa zamani na mpya bila kupima anaweza kuzigeuza. Taa haitajali mgeuko huo, lakini hita itajali.

Sababu yake ni namna hita inavyotambua kuwa moto umewaka. Ndani ya kichomeo kuna kijiti cha chuma kinachoguswa na mwali. Mwali hupitisha umeme kidogo sana, wa kiwango cha sehemu chache za milioni za ampia, kutoka kwenye kijiti hicho hadi kwenye mwili wa hita, na kadi huupima umeme huo. Ukiwepo, kadi hujua moto upo na huiacha vali ya gesi wazi. Usipokuwepo kwa sekunde chache, kadi hufunga gesi na hita hujizima. Njia ya umeme huo hupitia kwenye ethi. Iwapo ethi ni mbovu, au moto na nyutro vimegeuzwa katika hita zinazojali mgeuko huo, kadi haioni mwali hata kama upo, na hita hujizima tena na tena.

Ethi katika jiji la miamba

Hapo ndipo tatizo mahususi la Mwanza linapojitokeza. Jiji hili linaitwa Jiji la Miamba kwa sababu. Kuanzia Capri Point hadi Isamilo, Bugando na Mabatini, nyumba zimejengwa juu na katikati ya mawe makubwa ya matale. Mwamba wa namna hiyo haupitishi umeme vizuri, na udongo ulio juu yake mara nyingi ni mwembamba na hukauka upesi wakati wa kiangazi. Fimbo ya ethi inayozama bila shida katika udongo mzito wa bonde inaweza kugonga mwamba baada ya nusu mita tu.

Hesabu rahisi inaonyesha hatari iliyopo. Chukulia jengo linalotegemea fimbo yake lenyewe, na upinzani wa ethi hiyo ni ohmu 100. Waya wa moto ukichubuka na kugusa mwili wa hita, umeme utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 100, yaani ampia 2.3. Kiasi hicho hakitoshi kurusha hata sakiti breka ya ampia 6. Mwili wa hita, pamoja na mabomba yote ya chuma yaliyounganishwa nayo hadi bafuni, utabaki na umeme, na atakayefungua bomba akiwa amesimama kwenye maji ndiye atakayeugundua. RCD ya miliampia 30 ingekata umeme huo mara moja, na ndiyo maana katika mji wa mawe kifaa hicho si anasa.

Pamoja na RCD, ethi yenyewe ifanyiwe kazi. Mbinu zinazotumika penye mwamba ni kufukia ukanda au waya wa shaba kwa mlalo katika mtaro mrefu badala ya kulazimisha fimbo moja kwenda chini, kutumia fimbo kadhaa zilizoachana na kuunganishwa pamoja, kuchagua sehemu ya kiwanja yenye udongo mzito na unyevu, na kuzungushia udongo wa bentonaiti unaohifadhi unyevu. Baada ya hapo fundi apime kwa kipimo cha ethi na aandike matokeo. Kipimo kifanyike wakati wa kiangazi, kwa kuwa ethi iliyopimwa baada ya mvua ya masika huonekana nzuri kuliko ilivyo.

Mabomba ya chuma ya maji na ya gesi yaunganishwe kwa waya wa ethi ili yasitofautiane kiumeme. Hata hivyo, bomba la gesi kamwe lisitumiwe kuwa ndiyo ethi ya jengo.

Radi na umeme usiotulia

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye ngurumo na radi nyingi. Joto la mchana huzalisha mawingu juu ya nchi kavu, na usiku hewa hukutana juu ya maji na kuzaa dhoruba ambazo wavuvi wanazijua vizuri. Radi haina haja ya kupiga jengo lenyewe ili kuharibu kadi ya hita, kwani ikipiga karibu na nyaya za barabarani, msukumo wa ghafla wa umeme husafiri hadi ndani.

Kinga yake ni kifaa cha kuzuia msukumo huo kinachofungwa kwenye ubao mkuu wa umeme, chenye waya mfupi na mnene kwenda kwenye ethi. Nacho hakiwezi kufanya kazi bila ethi nzuri, jambo linalorudisha hoja kwenye miamba. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kusawazisha volti huilinda kadi na feni. Jengo lenye jenereta lihakikishe kuwa nyutro ya jenereta imeunganishwa na ethi kwa utaratibu unaokubalika, la sivyo hita itafanya kazi umeme wa Tanesco ukiwepo na kugoma jenereta inapowashwa.

Mitungi ikae wapi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu, bali hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya kwenye mashimo, vyumba vya chini na mifereji. Lita moja ya kimiminika chake hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi, na inatosha gesi hiyo ifikie takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba ili cheche moja ilipue.

Kwa hiyo mitungi inayolisha hita kubwa hukaa nje ya jengo, ikiwa imesimama wima, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, ndani ya kizimba cha wavu kinachopitisha hewa na chenye kufuli. Isiwekwe kwenye ghorofa la chini ya ardhi, chini ya ngazi, wala karibu na chemba ya maji taka, dirisha la chini au kitu kinachotoa cheche, ikiwemo soketi, swichi na kiyoyozi. Katika viwanja vya mteremko, kama vilivyo vingi Mwanza, ni muhimu kuangalia kilicho upande wa chini wa kizimba, kwani gesi itakayovuja itaelekea huko, hata kama ni kwa jirani.

Kutoka kwenye mitungi, gesi ipite katika bomba la shaba au chuma lililowekwa wazi ukutani na kushikiliwa vizuri, si katika mpira mrefu unaopita dirishani. Maungio ya nyuzi yazibwe kwa kizibio kilichoidhinishwa kwa gesi. Panapaswa kuwa na vali ya kufunga kwa mkono karibu na hita na nyingine nje, ambayo mtu anaweza kuifikia bila kuingia kwenye chumba chenye hatari. Chumba cha hita kiwe na kihisi cha gesi kilichofungwa karibu na sakafu, na ni vyema kiunganishwe na vali ya umeme inayofunga gesi yenyewe kengele inapolia. Kihisi kilichofungwa darini hakitasaidia, kwani gesi itakuwa imejaa magotini kabla ya kukifikia.

Hewa, moshi na wadudu wa ziwani

Ujazo mmoja wa propani huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue sawasawa. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni haiungui kikamilifu na huzaliwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, ladha wala harufu. Ile harufu kali ambayo watu huijua kuwa ni ya gesi ni dawa iliyoongezwa kwenye gesi ya mitungi ili uvujaji utambulike, nayo huungua pamoja na gesi yenyewe. Kwa maana hiyo, chumba kinaweza kujaa sumu bila kunuka chochote.

Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Dalili zake za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchovu na kichefuchefu. Katika ukanda wenye malaria, mtu mwenye dalili hizo hudhani ana homa, hunywa dawa na kurudi kulala katika chumba kile kile. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni pale watu kadhaa wa jengo moja wanapougua kwa pamoja bila kuwa na homa, na kupata nafuu wanapotoka nje.

Ili kuepuka hayo, hita isifungwe bafuni wala katika chumba cha kulala. Chumba chake kiwe na matundu ya kudumu ya hewa, juu na chini, yasiyoweza kuzibwa na mtu anayekimbia baridi au kelele. Bomba la moshi liwe la aina iliyotajwa na mtengenezaji, lipande kuelekea nje bila mteremko wa kurudi, na litoke mbali na madirisha. Upande unaotazama ziwa upewe uangalifu, kwani upepo wa mchana kutoka majini huweza kurudisha moshi ndani ya bomba lililoelekezwa vibaya.

Kwa wakazi wa ufukweni, wapo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama mawingu ya moshi na kufunika taa na kuta. Wanapovutwa na feni ya hita, huziba chujio la hewa na vichomeo. Tundu la hewa linapaswa kuwa na wavu, lakini usiwe mdogo mno wa kuzibwa usiku mmoja, na ukaguliwe kila baada ya wimbi la wadudu hao. Kihisi cha kaboni monoksaidi, tofauti na kile cha gesi ya mitungi, hufungwa kwenye usawa wa kichwa au juu zaidi, kwa kufuata maelezo yake.

Mwinuko unapunguza nguvu

Uso wa Ziwa Victoria upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hakuna sehemu ya Mwanza iliyo chini ya hapo. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi, oksijeni nayo ni pungufu.

Viwango vinavyotumika Marekani kwa vichomeo vya kawaida huelekeza kupunguza uwezo wa chombo kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 za mwinuko, pale mahali panapozidi mita 600. Kwa Mwanza hesabu hiyo inakaribia asilimia 15. Hita iliyoandikwa kilowati 50 hukadiriwa kuwa ya kilowati 42 hadi 43. Hita za kisasa zenye feni huweza kujirekebisha au kuhitaji kurekebishwa, na mwongozo wa mtengenezaji ndio wa kufuatwa. Fundi asiyezingatia mwinuko hupata moja kati ya mawili: maji yasiyotosha au mwali usio na hewa ya kutosha.

Hesabu ya maji na gesi

Ukubwa wa hita hukadiriwa kwa mahitaji ya saa yenye watumiaji wengi. Kupasha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi joto 24 hadi 60 huhitaji nishati ya takriban kilowati-saa 42. Hita yenye ufanisi wa asilimia 85 itatumia kilowati-saa 49, na kwa kuwa kilo moja ya gesi ya mitungi hutoa karibu kilowati-saa 12.8, gesi itakayotumika ni takriban kilo 3.8. Hoteli inayotumia lita 2,000 za maji ya nyuzi 60 kwa siku itamaliza mtungi wa kilo 38 kila baada ya siku tano.

Mtungi mmoja hauwezi kutoa gesi kwa kasi ya kilo nne kwa saa kwa muda mrefu, kwani hupoa na kuganda barafu kwa nje, na mgandamizo hushuka. Suluhisho ni kuunganisha mitungi kadhaa kwa makundi mawili, kundi moja likitumika na jingine likisubiri.

Kwa upande wa maji, ziwa lina maji laini yenye chumvichumvi chache, hivyo magamba meupe hujijenga polepole kuliko kwa anayetumia kisima chenye maji magumu. Maji yanapokatika na kurudi huleta tope, hivyo chujio kabla ya hita ni lazima. Tangi lililo juu ya mnara hutoa mgandamizo wa takriban kilopaskali 100 kwa kila mita 10 za kimo. Hita zisizo na tangi hukataa kuwaka maji yanapopita kwa kasi ndogo, na hapo pampu huhitajika.

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka kwa takriban asilimia 1.4. Tangi la lita 500 huongeza lita saba ambazo lazima zipate pa kwenda, ama katika tangi la kutanukia au kupitia vali ya usalama. Bomba la vali hiyo lielekezwe chini hadi mahali salama panapoonekana, na kamwe lisizibwe wala kufungiwa koki, hata kama linadondosha. Tangi lisilo na pa kupumulia ni bomu.

Maji yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 ili kudhibiti vijidudu vya lejionela, lakini kwa nyuzi hizo ngozi ya mtu mzima huungua ndani ya sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Vali ya kuchanganya ifungwe ili bombani yafike maji ya takriban nyuzi 45 au pungufu.

Kuruka kinga ni kutafuta msiba

Hita inapowashwa hufuata mpangilio maalumu: kipimajoto huita, feni huanza, swichi ya hewa huthibitisha kuwa moshi una njia, cheche hutoka, vali hufunguka, kijiti huthibitisha mwali. Hatua moja ikishindikana, hita hujizima. Kujizima huko si ugonjwa, bali ni taarifa.

Hatari kubwa huja pale fundi anapoitwa usiku na mwenye hoteli mwenye wageni wanaolalamika, akagundua kuwa swichi ya hewa ndiyo inayozuia, na kuunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja ili hita iwake. Hita itawaka, fundi atalipwa, wageni wataoga, na kuanzia usiku huo hakutakuwa na chochote cha kuzuia moshi kurudi vyumbani. Chanzo huenda kilikuwa kiota cha ndege kwenye bomba, wadudu kwenye chujio au ethi iliyokauka, mambo ambayo yangerekebishwa kwa saa moja asubuhi.

Majaribio na makabidhiano

Kabla ya gesi kufunguliwa, bomba lote lijaribiwe kwa hewa au naitrojeni yenye mgandamizo na kuangaliwa kama kipimo kinashuka. Baada ya gesi kuingia, maungio yote yapakwe maji ya sabuni. Kamwe uvujaji usitafutwe kwa kiberiti. Kwa umeme, fundi apime mwendelezo wa ethi, uimara wa ganda la nyaya, mpangilio wa moto na nyutro, upinzani wa ethi, na abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD. Mwali uwe wa buluu, na kiwango cha kaboni monoksaidi kwenye moshi kipimwe kwa kifaa.

Mwenye jengo apewe mwongozo, michoro na karatasi ya vipimo. Kazi ya umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura), chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2007, na Osha husimamia usalama wa sehemu za kazi kwa Sheria ya mwaka 2003. Kumwomba fundi leseni si kumvunjia heshima.

Ikisikika harufu ya gesi, taa isiwashwe wala kuzimwa, simu isitumiwe ndani, vali ya nje ifungwe, milango ifunguliwe, watu watoke, na Zimamoto wapigiwe kwa namba 114 kutoka mbali. Kihisi cha kaboni monoksaidi kikilia, wote watoke nje hata kama hakuna harufu, na walioumwa kichwa wapelekwe hospitali wakiwa na maelezo kuwa walikuwa karibu na hita ya gesi, ili mganga asiishie kupima malaria.

Ukaguzi wa mtaalamu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, na kwa Mwanza wakati unaofaa ni mwishoni mwa kiangazi, ethi ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote na kabla mvua za radi hazijaanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hita ya gesi, ufa ni waya uliolegea au tundu la hewa lililozibwa kwa gazeti, na kuuziba hugharimu kidogo kuliko mtungi mmoja wa gesi.